Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Mimi ndiye ninayepokea vitabu vinaporudi,
hapa Valga, mlango wa nyuma, kando ya kipasha joto
kinachokohoa tangu Oktoba mpaka barafu iyeyuke.
Kazi yangu ni kupangusa, kukung'uta, kunusa moshi,
na kutoa yale ambayo watu husahau ndani:
tiketi ya treni ya Riga, karatasi ya chokoleti,
unywele mmoja mwekundu, risiti ya samaki.
Vitu hivi havisemi uongo.
Msomaji ataniambia, "Kizuri sana, asante,"
na huku alama yake imelala ukurasa wa thelathini,
imelala fofofo, kama yeye mwenyewe usiku ule.

Siwahukumu. Kitabu si kiapo,
nami nimewaacha wanaume wawili
kabla ya sura ya tatu.

Ila kuna kimoja, *Mpima Mipaka*,
kurasa mia saba na kumi na mbili,
kinene cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo
(na kweli tulikitumia hivyo, msimu mmoja wa baridi).
Ndani yake mpimaji anaamka, anatafuta glavu ya kushoto.
Ukurasa wa ishirini, bado anaitafuta.
Ukurasa wa thelathini na moja kaipata, kumbe ni ya kulia.
Kufikia arobaini na tatu mwandishi anaanza kueleza ua,
ubao mmoja baada ya mwingine,
na hapo ndipo yalipo makaburi ya wasomaji.
Hapo nimekuta kadi ya daktari wa meno,
uzi wa sufu ya kijani,
na kwa penseli, mwandiko wa mwanafunzi: "Mungu wangu, bado mbao."
Chini yake, mkono mwingine: "Zimebaki mia mbili na sita."

Mvumilivu hula mbivu, husemwa.
Hiki kilikuwa kibichi hadi jalada la nyuma,
au ndivyo nilivyodhani, maana hata mimi,
mlinzi wake wa miaka kumi na tisa,
sikuwahi kuuvuka ule ua.

Februari akaja Endel Raag, fundi saa mstaafu,
theluji mabegani, akakiomba kwa jina.
Nikamwambia kweli, jambo nisilolizoea:
"Mzee, hiki kinachosha."
Akasema, "Ndicho ninachotaka."
Akakiazima tena Machi. Tena Aprili. Tena Mei.
Nikamweka kwenye fungu la wenye kiburi,
wale wasiokubali kitabu kiwashinde,
wanaotafuna mpaka mfupa ili tu waseme wamekula.

Juni akakirudisha, kimefungwa gazetini.
Nikakifungua mbele yake, ndiyo tabia ya kazi.
Alama ilikuwa utepe wa plastiki wa hospitalini,
ule wa kifundo cha mkono: Helju Raag.
Ukurasa wa mia saba.

"Usingizi ulikuwa umemkimbia," alisema.
"Vitabu vizuri vilimtesa. Alitaka kujua, akauliza, akakaa macho.
Hiki, mbao tatu, nne, pumzi inatulia.
Nami nilisoma hata alipokwisha kulala,
nikiogopa kimya kisije kikamwamsha."
Akavaa kofia, akaivua tena.
"Zilibaki kurasa kumi na mbili. Kinaishaje?"

Nalipwa kujua kila kitu kiko wapi.
Sikujua.

Nikazima taa za ukumbi, nikabakiza ya kaunta,
nikamsogezea kiti kile chenye mguu mbovu.
Mpimaji alikuwa bado uani, theluji inaanguka,
anahesabu kucha za glavu kana kwamba glavu ina kucha,
na kabla sijageuza karatasi
kidevu cha Endel kilikuwa kimeshuka kifuani.

Nikapunguza sauti. Sikuacha.
Zilibaki kumi na moja.